Kipande Kisichojaa

Neno la herufi tatu lilinipotezea miaka miwili. Neno lenyewe ni "bin".

Nililikuta kwenye cheti cha ndoa cha babu yangu, karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikaanza kutoboka. Penye jina la baba wa bwana harusi, karani aliandika kwa wino wa buluu jina la mtu, kisha "bin", kisha jina la pili. Mtu huyo ndiye ninayemwandika hapa. Ni baba yake babu yangu, mimi kitukuu wake. Wazee wamenipa ruhusa ya kusimulia habari zake, ila majina wamesema yabaki nyumbani, nami nimekubali. Nitamwita kama watoto wa kijijini walivyokuwa wakimwita: Mzee wa Mifupa.

Nilipoiona ile "bin" niliamini kwamba jina la pili ni la baba yake. Nani asingeamini? Nikaanza kumtafuta huyo baba. Nilitoka Mtwara kwa basi hadi Dar es Salaam, nikaenda kwenye Nyaraka za Taifa, nikaomba majalada ya Lindi. Nyaraka za huko ni za enzi mbili. Za Mjerumani nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo anausoma kwa tabu, kwa hiyo kama huna wa kukusaidia utaishia kutazama mihuri. Za Mwingereza zinasomeka, na tamu kuliko zote ni vitabu vya wilaya. Humo bwana shauri aliyekuwa zamu aliandika kila alichoona kina maana: majumbe, koo, kodi, mvua, njaa, mashauri ya barazani.

Nilisoma siku nne. Nilikuta majina ya majumbe na maakida, hesabu za kodi, malalamiko juu ya vibarua waliotoroka. Wangu hakuwamo, wala huyo niliyedhani ni baba yake. Jioni ya siku ya nne, nikiwa nimekaa kituoni nasubiri daladala, nilielewa jambo ambalo limenisaidia tangu hapo. Serikali zote mbili zilimwandika mtu zilipotaka kitu kwake: kodi, kazi, mzigo wa kubeba, ushahidi. Basi ukimtafuta mtu wa kawaida, jiulize kwanza ni nani aliyewahi kumtaka, na alimtaka kwa lipi.

Aliyenifungua macho hasa ni bibi mmoja tuliyekaa naye mkeka mmoja msibani, karibu na Nyangao. Tulikuwa tunachambua mchele. Nikamweleza ninachokitafuta, kwa sababu wakati ule nilikuwa namweleza kila mtu.

"Huyo unayemtafuta," akaniuliza, "mama yake wa wapi?"

Nikamwambia jina la baba yake ninalo.

"Sijakuuliza baba. Mama yake kwao wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na mchele wake, kisha akasema taratibu, kama anayemhurumia mtoto, "Sasa mtu usiyemjua mama yake utampataje?"

Nimezaliwa kwa Wamwera na nilikuwa nalijua jambo hili tangu utotoni, lakini nilikuwa nalijua kama mtu anavyoijua hadithi ya zamani. Sikujua kwamba ni njia ya kutafutia watu. Kwetu, kama kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, mtoto alihesabiwa kwa ukoo wa mama. Mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba. Mjomba ndiye aliyempeleka jandoni, ndiye aliyekaa kwenye shauri la posa, ndiye aliyelipa mtoto akiharibu cha watu. Mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake, akajenga huko, akalima huko, lakini kwao kulibaki kwa dada zake. Baadaye dini, shule na serikali zikaleta hesabu ya baba, na hesabu mbili zikaishi nyumba moja. Fomu nilizojaza maishani mwangu, kuanzia ya kuandikishwa darasa la kwanza, zilianza na jina la baba.

Sasa mweke kijana mbele ya meza ya karani, miaka mia moja nyuma. Karani anauliza, "Bin nani?" Kijana analelewa na mjomba, anakula kwa mjomba, akikosea anaitiwa mjomba. Anataja jina la mjomba, na karani anaandika. Kijana hakudanganya, ameulizwa yeye ni wa nani akajibu.

Mimi nikakaa miaka miwili namtafuta mjomba kwa cheo cha baba.

Kuna jingine linalowapoteza wengi wanaofuatilia wazee wa huku kusini, nalo ni jando. Mtoto aliingia jandoni na jina moja akatoka na jina jingine. La kwanza lilizikwa, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni lilikuwa tusi la kupigania. Juu ya hilo la jando, waliosilimu walipata jina la Kiislamu, na waliobatizwa wakapata la ubatizo. Mzee wa Mifupa alikuwa na majina matatu ninayoyafahamu. Usishangae basi ukikuta mtu mmoja kwenye karatasi tatu kama watu watatu wasiojuana.

Lakini jando hilohilo linasaidia kupata umri. Ukimuuliza mzee wa ukoo, "Babu alizaliwa mwaka gani?" utapewa mwaka wa kukuridhisha tu. Muulize hivi: wakati wa Maji Maji alikuwa ameshatoka jandoni? Wazee wangu walijibu bila kusita kwamba hapana, alikuwa mtoto wa kubebeshwa vyombo watu walipokimbilia porini. Maji Maji ilianza mwaka 1905 kwenye milima ya Wamatumbi kule Kilwa, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikafika bonde la Lukuledi, misheni ya Nyangao ikachomwa. Baada ya vita ikaja njaa, watu wakaishi kwa ming'oko, mizizi ya porini. Ming'oko tunayoinunua leo Mtwara mjini ikiwa imechemshwa, tukiila kwa starehe, wao waliichimba ili wasife. Wakati wa njaa jando halichezwi, maana jando linataka chakula na pombe na ngoma. Kwa hiyo aliingia baada ya njaa. Na wazee hao hao wanasema alipokwenda kwenye kazi ya mifupa alikuwa ameshatoka jandoni. Hapo nikapata pande mbili za kumbana katikati.

Kazi ya mifupa ndiyo iliyompa jina, nami sitaipita haraka.

Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, karibu na bonde la Mbwemkuru, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona pale mifupa mikubwa imechomoza ardhini, mifupa ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck. Hao ndio wenye majina kwenye vitabu. Waliochimba kwa mikono yao walikuwa watu wa Lindi, na katika misimu mikubwa walikaribia 500. Waliobeba walikuwa watu wa Lindi pia. Gari halikuwepo, na mnyama wa kubeba mzigo asingepona kwa mbung'o, basi mifupa iliyogeuka mawe ikafungwa mizigo mizigo, ikawekwa vichwani, ikatembezwa siku tatu au nne mpaka bandarini. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hivyo. Leo mnyama mmoja katika hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake mita 13 na ushee kutoka chini hadi utosini. Nimemtazama kwenye picha mara nyingi. Huwa naangalia miguu, najiuliza ni kipande kipi kilichopita kichwani kwa mtu wetu.

Kati ya wale mamia, mmoja jina lake limefika mbali: msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka, Australodocus bohetii. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilifurahi kama aliyetajwa ni wa ukoo wangu.

Sasa angalia tatizo. Waingereza nao walikuja kuchimba Tendaguru, kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Mzee wa Mifupa angeweza kuwa kibarua wa Mwingereza, na hesabu yangu yote ya umri ingeanguka. Kilichoniokoa ni neno moja walilokuwa wakilitumia wazee bila kujua uzito wake. Walisema alileta nyumbani rupia. Rupia ilikuwa fedha ya enzi ya Mjerumani. Mwingereza aliingiza shilingi mwaka 1921, na waliochimba kuanzia 1924 wangelipwa shilingi. Basi alikuwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, kijana aliyetoka jandoni si muda mrefu, na alizaliwa mnamo 1895, nikikosea basi kwa miaka miwili mitatu.

Turudi kwa mama yake. Baada ya ule msiba nilimwendea shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, nikamuuliza jina la mama yake Mzee wa Mifupa. Akacheka. "Si mimi?" akasema. Alikuwa amerithishwa. Jina nililolikosa lilikuwa jina la shangazi yangu, ambalo nimelitamka tangu nilipojua kusema. Shangazi akaongeza kwamba Mzee alikuwa na dada yake wa tumbo moja aliyeingia misheni, ndugu wa Kiislamu wakawa wanamwita Bibi wa Misheni, na alikufa mapema.

Nikaenda kwenye parokia moja ya bonde la Lukuledi. Mimi ni Mwislamu na sikujua nitapokewaje. Nilipokewa vizuri sana, nikaketishwa mezani na katekista mzee aliyeshika vile vitabu kama mtu anayeshika mtoto aliyelala. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, lakini usiogope Kilatini, maana maneno ni yale yale kila mstari na baada ya nusu saa unayazoea. Kuna kitabu cha waliobatizwa, cha ndoa na cha marehemu. Tukapita kidole kwenye nafasi ya jina la mama, mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, jina la shangazi likatokea. Mama: huyo. Binti: mwanamke mtu mzima, amebatizwa. Na baba yao, ambaye cheti chetu hakikumjua kabisa, ameandikwa pale wazi kwa jina la Kimwera. Lile jina lililokuwa baada ya "bin" halikuwepo popote.

Nililia kidogo. Katekista akafunga dirisha, akisema upepo unaleta vumbi.

Kisha akanionyesha pembeni ya mstari. Kanisa lina utaratibu kwamba aliyebatizwa akifunga ndoa, hata kwenye parokia nyingine, taarifa inarudishwa alikobatizwa na kuandikwa pembeni ya jina lake. Pembeni ya Bibi wa Misheni kulikuwa na maneno machache ya mwandiko mwingine: ameolewa, na mume wa kijiji fulani. Kwenye kitabu cha marehemu tukampata tena, miaka ya thelathini, amefariki. Nilinakili tarehe zote kwenye daftari langu.

Kijiji kile hakipo tena. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu walihamishwa kwenda kwenye vijiji vipya kando ya barabara, na palipokuwa nyumbani pakawa mahame. Anayetafuta wazee wake huku lazima ajifunze kuyasoma mahame. Miembe mitatu minne imesimama kwa mpangilio katikati ya pori: palikuwa na ua. Kigae cha chungu, jiwe la kusagia lililopasuka, mawe yaliyopangwa kwa urefu wa mtu. Wenyewe wako barabarani, umbali wa saa moja na nusu kwa miguu, na wengine bado wanarudi kuokota korosho za mikorosho waliyoiacha.

Nilikwenda Oktoba, korosho zimeanza kuanguka na mabibo yananukia njia nzima. Niliulizia binti au mjukuu wa Bibi wa Misheni. Nikapelekwa kwa ajuza wa miaka tisini na kitu, amekaa kibarazani anabangua mbaazi. Nikampigia magoti, nikasema shikamoo bibi, nikaanza kujieleza kwa baba, kwa babu. Akanikatiza. Nikakumbuka, nikaanza upya kwa yule mama, jina la shangazi yangu. Akaliweka chini lile ungo.

"Mjomba wangu ndiye babu yenu," akasema. "Mmechelewa, mjukuu wangu. Lakini mmekuja."

Alikuwa binti pekee wa Bibi wa Misheni. Nilikuwa nimemtafuta Mzee wa Mifupa kwa watoto wa watoto wake, kumbe mtu aliyemjua alikuwa kwa dada yake. Kaburi pia liko huko. Alipokufa, ndugu zake walikuja kumchukua kwetu wakamrudisha kwao, na kwa upande wetu kumbukumbu ikafifia mpaka hatukujua hata kwamba hatuna kaburi lake.

Nilikaa siku tatu, nikarekodi kwa simu. Ya Vita vya Kwanza vya Dunia alinieleza kwa ufupi, kama alivyoelezwa. Mjomba wake alichukuliwa na Mjerumani kubeba mizigo, akatoroka, akakamatwa na Mwingereza, akabeba tena. Oktoba 1917 majeshi yalipigana siku nne hapo hapo Mahiwa na Nyangao, moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, akavuka mto Ruvuma na wapagazi wake. Mdogo wake Mzee alivuka nao. Hakurudi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwaacha wapagazi na askari wengi wa Kiafrika bila kuwaandika majina. Nilimsomea bibi habari ile kwa Kiswahili. Akaniuliza kama sasa jina la mjomba wake mdogo litaandikwa. Nilishindwa kumjibu.

Nilipouliza mama wa mama yao alitoka wapi, mazungumzo yalikatika. Alisema tu, "Huko usiende." Sikwenda. Lindi na Mikindani zilikuwa njia ya watumwa; sheria ya Mjerumani iliwapa uhuru watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 1906, na utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika hadi 1922. Kuna mambo ambayo wazee waliamua yaishie kwao. Nimezima simu mara moja tu katika kazi hii yote, na ni pale.

Siku ya tatu asubuhi alimtuma mjukuu wake ndani alete mkebe. Ndani ya mkebe kulikuwa na rozari ya mama yake, sindano ya kushonea mikeka, na karatasi nene ya rangi ya kahawia iliyofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kipande. Kabla ya kazi za mkonge kusahaulika huku Lindi, kila kibarua alijua kipande ni nini: kadi yenye namba yako, jina lako, na nafasi 30. Siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa inatiwa alama. Zikitimia 30 unakirudisha, unalipwa. Ni kwa ajili ya namba hizo vibarua wa mkataba waliitwa manamba.

Juu ya kadi kulikuwa na jina lake la Kiislamu, "bin", na jina la mjomba wake. Chini, alama za penseli, moja moja. Nilizihesabu mara mbili. Zilikuwa 24, kisha nafasi sita tupu.

"Kwa nini hakumaliza?" nikauliza.

"Siku hiyo ndipo alipoletewa habari ya mama," akasema. "Alitembea usiku. Alifika tumeshamzika, mimi nimekaa nje na wanawake. Akanichukua mkono. Hakurudi tena pwani, angerudije, mimi ningebaki na nani? Yeye ndiye mjomba."

Nikafungua daftari langu. Mwezi na mwaka ulioandikwa juu ya kipande ulikuwa mwezi na mwaka ule ule niliounakili kwenye kitabu cha marehemu cha parokia. Nikamsomea. Akatikisa kichwa kuitikia, hakushangaa hata kidogo. Hapo ndipo nilipotambua kwa nini karatasi hii ilikuwapo. Vipande vilivyojaa vilirudishwa shambani, vikalipwa, vikatupwa. Hiki kilibaki kwa sababu hakikujaa.

Nikamwomba nikichukue Mtwara nikakitengenezee nakala, nitakirudisha wiki ile ile. Akakifunga kwenye kitambaa chake, akafunga na fundo.

"Piga picha, mjukuu wangu. Chenyewe kinabaki hapa. Hizo siku ishirini na nne za mjomba bado tunadai."